Fungu la Mgonjwa

Zuwena mwanangu,

Assalaam alaykum. Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Leo asubuhi umekunywa chai ukiwa umesimama, ukaniambia "mimi mzima, baba" huku ukitazama mlango, na sasa hivi uko mtaani na mama yako, mnaaga nyumba moja baada ya nyingine. Kwa namna mnavyoaga, mtu asiyejua angedhani kesho unapanda meli ya Uajemi, kumbe ni Lugoba, unafika kabla ya adhuhuri. Nami nimebaki na mjomba wako, mimi hapa barazani, yeye chumbani. Amelala. Nimemgeuza upande wa ukutani na nimemfungulia dirisha.

Nakuandikia kwa sababu kusema siwezi. Nyumba yetu unaijua, kuta zake hazifiki juu, na neno nitakalokunong'oneza sebuleni Shabani atalipokea kitandani kwake. Halafu mimi na wewe hatuwezi kuzungumza kazi bila kubishana. Nikianza habari ya maana, wewe unaniuliza kwa nini bado naziba maungio ya bomba kwa katani wakati dunia nzima imehamia kwenye utepe, mimi nakasirika, na habari yenyewe inapotea. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Mambo ya kula, ya kulala mapema, ya sala na ya kuchagua watu wa kukaa nao, mama yako amekusomea tangu wiki iliyopita, na amekufungia dagaa, bizari na mafuta ya nazi kana kwamba Lugoba watu hawapiki. Sina la kuongeza hapo. Nataka nikueleze kwa nini mjomba wako hana fidia. Unadhani unaijua habari hii yote, kwa kuwa umeishi ndani yake. Nusu yake huijui. Kuna siku moja ulikuwa chuoni, na mama yako na mimi tulikubaliana usiambiwe.

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Mimi ni mtu wa Saadani. Babu yako alikuwa na chombo na nyavu, na mimi nimekula samaki wa mgao tangu sijaota meno. Samaki wakishauzwa, fedha zinagawanywa hapohapo: fungu la chombo, fungu la nyavu, na kila mtu fungu lake sawa na mwenzake. Aliyepata homa akabaki nyumbani naye anatengewa. Hilo likiitwa fungu la mgonjwa, na mtu analipeleka mpaka mlangoni kwake ili asione haya kulifuata. Hakuna aliyeitwa bosi. Hata babu yako, mwenye chombo, akimkaripia mtu mchana, jioni anamfuata kwake kumtaka radhi. Watu wa huko wangekufa na njaa kabla ya kusema kwamba wanamtumikia fulani. Unajua wewe mwenyewe mji huu wa Bagamoyo ulikuwa wa nini zamani, na akina nani walipita hapa wamefungwa shingoni. Wazee wetu waliishi karibu na jambo hilo, na neno lolote lililofanana nalo walilikwepa.

Nilipokuja hapa mjini kujifunza ufundi bomba, nikaangukia kwa tajiri mmoja ambaye alikuwa akituita kwa kupiga mluzi. Sitii chumvi. Alikuwa akisimama kwenye ngazi anapiga mluzi, na wa karibu ndiye anayekwenda. Nikavumilia mpaka nikajua kazi, kisha nikaondoka nikiwa nimeapa kwamba mimi sitaitwa hivyo tena wala sitamwita mtu hivyo. Nilipoanzisha kikundi changu nikauleta mgao wa Saadani kwenye mabomba. Mkokoteni, spana kubwa na mashine ya kuunganishia mabomba ya plastiki vikawa na fungu la chombo. Mimi, mjomba wako Shabani, Mwinyimvua na Selemani tukawa na mafungu sawa. Na akiugua mtu, fungu la mgonjwa.

Mwanangu, niliupenda mgao ule. Sitaki nikudanganye kwamba ulikuwa upumbavu tangu mwanzo. Tulifanya kazi tukicheka. Mwinyimvua alipougua ini akakaa nyumbani muda mrefu, fungu lake lilifika mlangoni kila tulipolipwa, na mkewe mpaka leo akiniona ananibusu mkono. Mafundi kutoka Pangani walikuja kutuuliza tunafanyaje. Wengine wakaiga. Ukikuta kikundi cha mafundi bomba upande huu wa pwani kinagawana mafungu, uliza vizuri, utakuta ama mimi ama mtu niliyemfundisha mimi. Kichwa kilivimba, kofia haikunitosha.

Ndipo siku moja mtendaji wa kata akaita mafundi wote, waashi, maseremala, watu wa umeme na sisi. Alikuwa amekuja bwana mmoja kutoka mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Akaeleza taratibu, tena kwa adabu. Mwenye kazi anajiandikisha, anawaandikisha watu wake, anachangia yeye, mfanyakazi hakatwi kitu. Mtu akiumia kazini anatibiwa, akipata ulemavu analipwa, akifa wanawe wanatunzwa. Watu wa mabomba akatutaja hasa, kwa sababu ya mashimo, mapaa na makaro ya maji machafu.

Nikanyanyuka. Ningekaa kimya siku hiyo ambayo kimya kilifaa, lakini mimi ukimya wangu niliuweka akiba kwa siku nyingine. Nikamwambia, "Bwana, hayo ni ya wenye watumwa. Sisi kwetu hakuna mwajiri, tunagawana." Watu wakacheka. Yule bwana hakukasirika. Akaniuliza, "Na mwenzako akivunjika mgongo, mzee?" Nikamjibu, "Tuna fungu la mgonjwa." Wakapiga makofi. Mjomba wako ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, alikuwa amekaa pembeni yangu.

Sikuelewa wakati ule, na imenichukua muda kuelewa, kwamba fungu la mgonjwa lilitengenezwa kwa ajili ya homa. Linamsubiri mtu anayerudi. Mgongo haurudi. Na fungu hutoka kwenye kazi ya waliobaki, kwa hiyo kazi ikisimama na fungu nalo limesimama. Wale wazee wa Saadani walijua jambo hili. Kwao mtu wa namna hiyo alikuwa akifa, hawakuhitaji kufikiria zaidi. Siku hizi kuna hospitali, mtu hafi, anabaki, na mgao hauna habari naye.

Usije ukafikiri kwamba sikujaribu. Mwinyimvua aliteleza juu ya paa la shule moja, akadaka mbao kwa kudra ya Mungu, na mimi niliyekuwa chini nikakosa usingizi. Nikaenda kwenye ofisi ya ule mfuko kuuliza. Nikarudi nikawaambia wenzangu kwamba nataka kujiandikisha kama mwenye kazi na wao kama wafanyakazi wangu, kwa karatasi tu, mgao ubaki palepale. Selemani na Mwinyimvua wakatazamana. Mjomba wako akaweka spana chini, taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Shemeji," akasema, "leo nimekuwa boi wako?"

Nikamwambia ni karatasi tu. Akasema, "Karatasi ndiyo inayobaki sisi tukishakufa. Wanangu waje wasome kwamba baba yao alikuwa mtumishi wa mume wa dada yake?" Akavaa shati akaondoka. Hakuja kazini, na jambo baya zaidi, hakuja kula hapa. Mama yako alikuwa akimpelekea chakula, kinarudi kama kilivyokwenda.

Hapo ndipo mama yako alipokuja kuniomba. Nataka ujue hili bila kumlaumu, maana amejilaumu kunishinda. Baba yao alikuwa amekwisha kufa nilipomposa, kwa hiyo Shabani ndiye aliyekuwa walii wake. Ndiye aliyeushika mkono wangu mbele ya kadhi akasema nakuoza dada yangu. Mama yako akaniambia, "Baba Zuwena, mkono uliokupa mke leo unataka uandikwe kibarua wako? Usimdhalilishe kaka yangu." Nikamtazama, nikaona anasema haki. Kwa mila yetu anasema haki mpaka leo. Nikachukua kilo ya sukari, nikamfuata Shabani kwake, nikamtaka radhi. Tukala pamoja. Habari ya mfuko ikaishia hapo, na wallahi siku ile nilirudi nyumbani nimefurahi.

Siku ya lile shimo unaijua, umeisikia kwa kila mtu, ila wengi wameruka sehemu moja. Tulikuwa upande wa Kaole, kwenye nyumba ya wageni inayojengwa karibu na ufuko. Tunachimba kwa ajili ya chemba ya maji machafu, na shimo lilikuwa limekwisha kupita kimo cha mtu. Mvua ilikuwa imenyesha. Mchanga wa huko unaujua, ukilowa juu unasimama kama ukuta, ukianza kukauka unaachia. Mbao za kukingia kingo tulikuwa nazo, lakini tulikuwa tumeziacha kwenye kazi nyingine mjini. Kurudi kuzichukua ni kupoteza nusu ya siku. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale na simu yake.

Wenzangu walikuwa wanasitasita. Mimi nikasema, "Shabani, shuka wewe, mkono wako mwepesi. Dakika mbili tu uweke lile bomba."

Hiyo ndiyo sehemu inayorukwa. Akashuka. Hakubisha, maana kwenye kikundi kisicho na bosi mimi nikisema shuka mtu anashuka. Wakati wote ule ndivyo ilivyokuwa. Niliyepatana na wenye nyumba ni mimi, niliyesema tunaanza saa ngapi ni mimi, niliyechagua nani apande juu na nani ashuke chini ni mimi. Tulichokosa ni jina la bosi tu. Ukingo ukaachia, ukamfunika mpaka mabegani, na ile sehemu nzito ikampiga kiunoni. Tulimfukua kwa mikono. Alipotoka alikuwa anazungumza vizuri kabisa, akauliza, "Mbona miguu imelala?" Mwinyimvua akamwambia itaamka.

Fungu la mgonjwa tulilitoa, na nawashukuru wenzangu kwa hilo. Lakini nani anampa kazi fundi ambaye shimo lake limelemaza mtu? Simu zikapungua. Mwinyimvua akaondoka, sijui yuko wapi. Selemani akaenda Lugoba akaanzisha kikundi chake. Mkokoteni nikauuza. Mke na watoto wa Shabani wakarudi kwao Makurunge, na yeye akaletwa hapa kwa dada yake, kwenye chumba kilichokuwa chako.

Sasa ile siku ya kwanza alipokuja afisa wa mfuko ulikuwepo. Wewe ndiye uliyeleta juisi ya ukwaju. Muuguzi mmoja alikuwa amemweleza habari zetu, akaja mwenyewe, binti mdogo tu, labda anakuzidi miaka michache. Akaniamkia, "Shikamoo mzee," nikaitika. Akakaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda, akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Akasema kutojiandikisha ni kosa langu, na hilo watalizungumza na mimi na lina adhabu yake. Lakini mtu aliyeumia, kama kweli alikuwa mfanyakazi wangu, madai yake yanaweza kusikilizwa. Kisha akauliza, "Kazi alikuwa anazipanga nani? Na siku ile, nani aliyemwambia ashuke?"

Alikuwa ananifungulia mlango, Zuwena. Mtu mzima kama mimi nililiona hilo wazi.

Mjomba wako akajibu kabla yangu. "Nilishuka mwenyewe, binti. Mimi situmwi na mtu." Akasema hivyo amelala chali, mpira wa mkojo unaning'inia kitandani, na sauti yake ilikuwa ileile ya zamani. Yule binti akanigeukia. Akanisubiri. Nikatazama glasi zile za juisi, nikanyamaza. Wewe uliniona. Baadaye ulimwambia mama yako kwamba baba amemheshimu mjomba, hakutaka kumvunjia maneno yake. Nilikusikia ukisema hivyo na sikukusahihisha.

Nimejipima sana nijue kilichonifunga mdomo. Ilikuwa heshima, ndiyo. Nisingeweza kumwambia mtu huyo, mbele ya mgeni, na dada yake amesimama mlangoni, kwamba alikuwa mtumishi wangu na mimi ndiye niliyemtuma. Lakini pia niliisikia ile adhabu. Nilifikiria nyumba hii, nikafikiria ada yako ya chuo. Kipi kilizidi, sijui. Nikisema ni heshima najiona mwongo, nikisema ni woga naona pia najionea. Yule binti akanywa juisi yake, akashukuru, akaondoka.

Sasa nusu usiyoijua. Ulipokuwa chuoni, vile vidonda vya mgongoni vilipozidi mpaka tukampeleka hospitali na kurudi naye bila dawa zote, nilivaa kanzu yangu ya Ijumaa nikaenda kule ofisini peke yangu. Nikamkuta yuleyule binti. Nikasema yote. Nikamwambia mimi ndiye mwajiri, mimi ndiye niliyemwambia ashuke, mbao nilikuwa nazo sikuzileta, leteni adhabu yenu. Nilijisikia mwepesi, nakwambia. Nilirudi nyumbani nimemnunulia mama yako machungwa.

Akaja, safari hii na mwenzake wa kiume. Wakakaa palepale. Wakamwambia Shabani yale niliyosema. Mjomba wako akanitazama, na wala hakuwa na hasira, alikuwa ananionea huruma.

"Huyu ni shemeji yangu," akawaambia. "Ananihurumia. Ameona nyumba imemwelemea, sasa anataka kuidanganya serikali kwa ajili yangu. Msimfunge, ni mtu mzuri."

Nikasema, "Shabani, kwa jina la Mungu, sema kweli."

Akasema, "Kweli ni kwamba sitafia kitandani kwako nikiwa mtu wako."

Yule binti akakunja karatasi zake. Nje, kwenye baraza hii ninayoandikia, akaniambia kwa upole, "Mzee, siku ile nilikuuliza ukanyamaza. Leo unasema, na yeye anakukana. Nitafutie mtu mwingine aliyekuwepo." Mwinyimvua sikumpata. Nikampigia Selemani. Selemani alikuwa amesimama begani kwangu siku ile, ningeweza kusikia pumzi zake. Akaniambia, "Fundi, mimi sikusikia ukimtuma. Nilikuwa nimekwenda kuchukua koleo."

Nilikasirika, nikamtukana, nikakata simu. Baadaye nikamwelewa. Selemani naye sasa ana kikundi, ana mgao, ana watu anaowaambia shuka wanashuka. Akikubali kwamba mimi nilikuwa mwajiri, kesho watu wake watasema na yeye ni mwajiri. Nilimfundisha vizuri mno.

Na kwa huyo Selemani ndiko unakokwenda kesho.

Usidhani sikuona. Tumetafuta pengine, wewe na mimi, na kila mahali walikutazama vidole wakasema tutakupigia. Fundi bomba wa kike wanamtaka kwenye picha za chuo tu. Selemani peke yake ndiye aliyesema mlete. Nilimpigia tena juzi, nikajishusha, nikamwomba akuandikishe. Nikamwambia hata kama ni wewe peke yako, michango nitaitafuta mimi. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Fundi, kwetu hakuna bosi. Si ulitufundisha mwenyewe? Zuwena ni mdogo wangu, tutagawana." Na akaongeza kwamba ardhi ya Lugoba ni ngumu, haiporomoki kama mchanga wetu. Labda. Kule kuna mawe. Jiwe nalo likiachia halichagui.

Nikamwomba basi akufanyishe kazi za juu, za mabafu na masinki. Hapo ndipo aliponiambia. Akasema wewe mwenyewe umemwomba ushuke, kwa sababu kwake anayechimba anapata fungu na nusu. Umemwambia kwamba mjomba wako anahitaji lile godoro la upepo la kuzuia vidonda.

Nilikata simu. Nikaenda nikamwambia mama yako, "Tumzuie." Akaniuliza, "Tumzuie, halafu?" Nilitafuta jibu kila mahali ndani ya kichwa hiki. Mimi magoti hayapandi ngazi tena, mama yako anakaanga mihogo mpaka macho yanamwasha, na yule pale chumbani anahitaji kugeuzwa, kuoshwa, kufungwa vidonda, na hatapona. Sikulipata. Mpaka sasa naandika bado sijalipata. Wazazi wa wenzako wanaandika barua kuwaambia watoto wao rudini wakati wowote, mlango uko wazi. Na wetu uko wazi. Lakini nikikuambia urudi, nakurudisha kwenye nini?

Ningekuambia usishuke kwenye shimo lililopita kifua bila mbao, lakini hilo wamekufundisha chuoni kunizidi. Unajua yote. Hata mimi nilijua. Mtu hashuki kwa kutojua. Anashuka kwa sababu wenzake wamesimama wanamtazama na mwenye nyumba ana haraka. Siku hiyo ikija, sema tumbo linakuuma, sema umesahau kitu nyumbani, kimbia kabisa, wakucheke. Najua hutakimbia. Chuoni ulikataa kusaidiwa kubeba bomba la chuma, ukalibeba peke yako mpaka bega likavimba, kisha ukaja kutuonyesha lile bega kama medali. Watu wanasema umefanana na mimi. Sura labda. Ndani wewe ni Shabani.

Hilo ndilo linalonitisha, kuliko shimo lenyewe. Naogopa siku moja, Mungu apishe mbali, utakuwa umelala mahali, na mtu mwenye kalamu atakuuliza nani alikutuma, na wewe utajibu kwa ile sauti, nilishuka mwenyewe. Utasema kwa kumhifadhi Selemani, ambaye kwa kweli ni mtu mwema, atakuwa amekaa hapo analia, amekuletea machungwa. Utasema kwa sababu ni kaka yako wa mtaani, amekula kwetu, na mama yake ni rafiki wa mama yako. Utasema kwa ajili ya jina lako. Na watu wote chumbani watakuona una heshima.

Siku hiyo, mwanangu, usiwe na heshima. Mtaje. Sema Selemani alipanga kazi, Selemani aliniambia shuka, Selemani ndiye aliyenilipa. Sema mbele ya mama yake. Wakikuita mtovu wa adabu, wakisema umemuuza aliyekupa kazi wakati hakuna aliyekutaka, waache waseme. Mimi nimeishi na heshima hiyo ndani ya nyumba na nimeisikia ikiomba maji usiku.

Nasikia mlango wa jirani, mnarudi. Mama yako anacheka kwa sauti kubwa, ndivyo anavyofanya akitaka kulia. Barua hii nitaitia chini ya zile nguo zako za kazi, uikute huko, ukiwa peke yako. Usinipigie simu kuijibu. Shabani atasikia.

Nakuombea salama, na nakuomba msamaha, yote mawili kwa pamoja, maana sijui tena kuyatenganisha. Na kama siku hiyo niliyoitaja itafika, wakaja watu kuuliza ni nani alikutuma kule chini, usinitazame kwa wasiwasi. Nitajibu kabla hujafungua mdomo. Nitawaambia kwamba nilijua, kwamba nilikuwa nimeambiwa na Selemani mwenyewe, kwamba nilikubebea mzigo wako mpaka barabarani nikakupungia mkono. Nitasema ni mimi niliyemtuma. Nitasema hivyo hata ukinikana.

Baba yako.